Mitindo ya Kujifunza: Dai na Ukweli Wake

Katika vyuo vya ualimu, katika semina za wakufunzi na hata katika ofisi za mafunzo za vyombo vya ulinzi na usalama, limeenea wazo moja ambalo, likisikiwa mara ya kwanza, huonekana halina ubishi. Wazo hilo lasema kwamba kila binadamu ana mtindo wake mwenyewe wa kujifunza. Wapo watu wa macho, ambao hawashiki jambo mpaka waone picha au mchoro. Wapo watu wa masikio, ambao hushika kwa kusikia maelezo. Na wapo watu wa mikono, ambao hawaelewi kitu mpaka wakishike na kukitenda. Kwa hiyo, husema wenye wazo hilo, ni wajibu wa mwalimu kumpima kwanza kila mwanafunzi, kujua yu katika kundi gani, kisha kumfundisha kwa mtindo unaomfaa.

Jambo hili haliwahusu walimu wa shule peke yao. Jeshi na polisi, katika kila nchi, ni miongoni mwa shule kubwa kabisa za watu wazima. Kijana anayeingia katika Chuo cha Kijeshi cha Gako, wilayani Bugesera, au katika Shule ya Mafunzo ya Polisi ya Gishari, wilayani Rwamagana, huanza siku hiyo maisha ya kujifunza ambayo hayaishi mpaka siku ya kustaafu. Tena kuna tofauti moja kubwa. Darasani, mafunzo mabaya hulipwa kwa alama ndogo katika mtihani. Kazini, askari aliyefundishwa vibaya huweza kulipa kwa damu yake, kwa damu ya mwenzake, au kwa damu ya raia asiye na hatia. Ndiyo maana inafaa kuuliza: je, wazo hili la mitindo ya kujifunza ni la kweli, au ni maneno matamu tu?

Swali hili lina uzito wa pekee mjini Kigali. Mwezi Aprili mwaka 2015 Rwanda ilizindua mtaala mpya unaojengwa juu ya uwezo wa mwanafunzi wa kutenda, badala ya kukariri maneno ya mwalimu, na mwaka 2016 mtaala huo ukaanza kufundishwa madarasani. Mtaala huo wamtaka mwalimu amweke mwanafunzi katikati ya somo na azingatie tofauti zilizopo baina ya mwanafunzi na mwanafunzi. Hilo ni jambo jema. Lakini si kila tofauti ina maana katika kufundisha, na mwalimu anayefuata tofauti isiyo na maana hupoteza muda ambao angeutumia kwa ile yenye maana.

Wazo lenyewe si la kale sana. Mwaka 1984 msomi wa Marekani, David Kolb, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba watu hutofautiana katika namna ya kujifunza kutokana na mambo wanayoyapitia maishani. Mwaka 1987, huko New Zealand, Neil Fleming alitunga karatasi ya maswali ya kumgawa mwanafunzi katika makundi manne: wa kutazama, wa kusikiliza, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Karatasi za namna hiyo zikazagaa duniani, na wengi wakaziuza. Mwaka 2004 wasomi wa Uingereza walioongozwa na Frank Coffield walichunguza jambo hili na kukuta mifumo 71 ya kuwagawa wanafunzi kwa mitindo. Baadhi ya mifumo hiyo ilipingana yenyewe kwa yenyewe. Pamoja na hayo, imani haikupungua. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba walimu 93 katika kila 100 waliohojiwa nchini Uingereza, na 96 katika kila 100 nchini Uholanzi, waliamini kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda.

Kabla ya kulihukumu wazo hilo, ni haki kukiri kilicho cha kweli ndani yake. Watu hutofautiana katika mapendeleo. Huyu hupenda kusoma, yule hupenda kusimuliwa. Watu hutofautiana pia katika vipaji: yupo anayekumbuka njia ya kijiji baada ya kuipita mara moja, na yupo anayekumbuka sauti ya mtu aliyemsikia miaka mingi iliyopita. Haya hayabishaniwi. Linalobishaniwa ni dai moja mahususi, yaani kwamba mtu akifundishwa kwa mtindo anaoupenda atajifunza zaidi kuliko akifundishwa kwa mtindo mwingine.

Dai la namna hiyo hupimwa kwa jaribio, si kwa hisia. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walieleza jaribio hilo lazima liweje. Chukua wanafunzi wanaosemekana ni wa macho, na wengine wanaosemekana ni wa masikio. Gawa kila kundi kwa kura: nusu wafundishwe kwa picha, nusu wafundishwe kwa maelezo. Kisha wape wote mtihani mmoja. Ikiwa dai ni la kweli, watu wa macho watashinda waliposomeshwa kwa picha, na watu wa masikio watashinda waliposomeshwa kwa maelezo. Lakini ikiwa wote wanafaulu zaidi kwa njia moja ileile, basi ubora umo katika njia hiyo, wala haumo katika mtindo wa mwanafunzi. Wasomi hao walipotafuta majaribio yaliyofanywa kwa utaratibu huo, waliyakuta machache mno, na kadhaa katika hayo yalipinga dai lenyewe.

Majaribio mengine yalifuata. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima maandishi yaleyale, wengine wakiyasoma na wengine wakiyasikiliza. Mapendeleo ya mtu hayakuonyesha ni njia ipi ingemfaa. Mwaka 2017 jarida la saikolojia la Uingereza lilitoa utafiti uliogusa kiini cha jambo hili. Waliopenda picha waliamini kwamba wangekumbuka picha zaidi, na waliopenda maneno waliamini kwamba wangekumbuka maneno zaidi. Walipopimwa, imani zao hazikulingana na kumbukumbu zao. Mapendeleo yalitabiri jinsi mtu anavyojidhania, wala si jinsi anavyojua.

Haki yataka upande wa pili nao usikiwe. Mwaka 2024 watafiti wengine wa Marekani walikusanya matokeo ya majaribio mengi na kuyapima kwa pamoja. Walikuta faida ndogo pale mafundisho yalipolingana na mtindo wa mwanafunzi. Hata hivyo, ile alama halisi inayohitajika, ya kila kundi kushinda kwa mtindo wake, ilionekana katika robo hivi tu ya matokeo. Wakahitimisha kwamba faida hiyo ni ndogo mno, na haionekani mara nyingi vya kutosha, kiasi cha kustahili gharama ya kuwapanga wanafunzi na kuwatungia masomo tofauti. Kwa hiyo mjadala haujafungwa kabisa. Lakini mzigo wa kuthibitisha umo mabegani mwa wanaodai.

Kwamba mapendeleo ni kiongozi asiyeaminika, kuna mfano mmoja wa zamani ambao watu wa kazi ya sare watauelewa upesi. Katika miaka ya 1970 Posta ya Uingereza ilihitaji kuwafundisha watumishi wake kupiga taipu, ili mashine ziweze kuchambua barua. Wanasaikolojia Alan Baddeley na D. J. A. Longman waliwagawa watumishi hao katika makundi. Kundi moja lilijifunza saa moja tu kwa siku. Kundi jingine lilijifunza saa nne kwa siku, katika vipindi viwili vya saa mbilimbili. Matokeo yalitangazwa mwaka 1978. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa zipatazo 35 kuzijua herufi za mashine. Wale wa saa nne kwa siku walihitaji karibu saa 50. Na bado, kundi lililojifunza vizuri zaidi ndilo lililoridhika kidogo zaidi na ratiba yake, kwa kuwa siku zilikuwa nyingi na maendeleo yalionekana kwenda polepole. Lau watumishi hao wangeulizwa wapendacho na kupewa, wangepewa ratiba mbaya.

Basi, ikiwa mapendeleo ya mwanafunzi hayaamui njia ya kufundisha, ni kitu gani kinachoamua? Jibu la kwanza ni somo lenyewe. Kusoma ramani ni kazi ya macho kwa kila mtu. Vilima vya Rwanda haviwezi kuelezwa kwa maneno matupu. Askari hana budi kuiona mistari ya miinuko kwenye karatasi, kisha ainue uso aulinganishe mchoro na mlima ulio mbele yake. Mawasiliano ya redio ni kazi ya masikio kwa kila mtu. Yule ajiitaye mtu wa picha hatapata picha usiku, katika kelele za upepo, wakati mwenzake anapotaja mahali alipo majeruhi. Kufungua bunduki vipande na kuiunga tena, au kumfunga majeruhi mkanda wa kuzuia damu, ni kazi ya mikono kwa kila mtu. Na sheria ya ukamataji, pamoja na haki za mtuhumiwa, ni jambo la kusoma na kujadili; hakuna mchoro utakaochukua mahali pa maneno ya sheria.

Wakufunzi wa majeshi walilijua jambo hili kabla wasomi hawajaliandika. Katika desturi ya mafunzo ya Kiingereza, kufundisha kitendo huenda kwa hatua: eleza, onyesha, waige, wazoee. Kuruta husikia, huona, hutenda, kisha hurudia mpaka mkono unajua wenyewe. Hakuna mkufunzi wa gwaride aliyewahi kuwatenga kuruta wa masikio wakae kivulini wasikilize habari za kugeuka nyuma, huku wa mikono wakigeuka juani. Kila mmoja hupita katika hatua zote, kwa sababu kila hatua huchangia kitu ambacho nyingine haina.

Afrika ya Mashariki imewahi kuona nguvu ya njia hiyo hata nje ya kambi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wao, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Hakuna aliyeulizwa kama yeye ni mtu wa sikio au wa jembe. Sauti ilitoa wito, maandishi yalitunza maelezo, mazungumzo yaliondoa mashaka, na kazi ikathibitisha kwamba somo limeeleweka.

Rwanda nayo ilipata funzo lake mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na masomo yakapelekwa majumbani kwa njia ya redio na televisheni, mpaka shule zilipoanza kufunguliwa kwa awamu mwezi Novemba. Hadithi hufuatwa vema kwa kusikiliza. Hesabu za pembetatu, pasipo mchoro na daftari mbele, huwa kitendawili kwa mtoto yeyote. Mtoto aliyeshindwa hapo hakushindwa kwa kuwa amezaliwa mtu wa macho. Alishindwa kwa kuwa pembetatu ni kitu cha kuonwa.

Jibu la pili ni tofauti zile ambazo kweli zina maana. Ya kwanza ni lugha. Mwezi Oktoba mwaka 2008 Serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa katika madarasa matatu ya kwanza ya msingi, na mwisho wa mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitatumika tangu darasa la kwanza. Katika mabadiliko kama hayo, mwanafunzi asiyejibu swali huenda analijua jibu, ila halijui neno. Ndivyo ilivyo pia katika vikosi, ambamo Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili hukutana. Kiswahili kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 kilikuwa kikisikika miongoni mwa askari miaka mingi kabla ya hapo. Mkufunzi akimwona kuruta anasita mbele ya amri, ajiulize kwanza kama amri imeeleweka, kabla ya kumtafutia mtindo.

Tofauti ya pili ni kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Aliyewahi kuwa dereva hafundishwi ufundi wa gari kama asiyepata kugusa usukani. Tofauti ya tatu ni mahitaji ya mwili. Mtoto asiyeona wa shule ya Kibeho, wilayani Nyaruguru, husoma kwa vidole kwa sababu hana njia nyingine ya kuyafikia maandishi. Hilo ni hitaji, wala si pendeleo. Kadhalika askari aliyepungukiwa na usikivu kwa mlio wa mizinga anastahili kukaa mbele na kupewa maelezo kwa maandishi. Kuchanganya hitaji na pendeleo ni kumdhulumu mwenye hitaji.

Yapo pia madhara ya kumbandika mtu jina. Kuruta akiambiwa kwamba yeye ni mtu wa mikono, vitabu si vyake, ataamini, na siku ya mtihani wa kupanda cheo hatafungua kitabu. Mwingine akiambiwa ni mtu wa vitabu atajitetea kwa jina hilo kila anaposhindwa uwanjani. Rwanda ni nchi inayojua, kwa uchungu mkubwa, maana ya kuwapanga watoto kwa majina waliyopewa na wengine. Kabla ya mwaka 1994 kitambulisho kilitaja kabila la mtu, na nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa kutazama kabila na mkoa. Mambo haya mawili hayalingani kwa uzito hata kidogo, wala mwalimu mwenye karatasi ya maswali hana nia mbaya. Lakini nchi iliyopitia hayo ina sababu ya kudai uthibitisho ulio imara kabla ya kumwambia kijana kwamba yeye ni wa aina fulani, na kwamba mlango fulani si wake.

Je, mkufunzi afanye nini? Elimu ya kujifunza imepata mambo mawili ambayo humfaa karibu kila mtu. La kwanza ni kumtaka mwanafunzi alitoe somo kichwani mwake bila kutazama. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Kundi moja liliyasoma katika vipindi vinne mfululizo. Jingine liliyasoma katika kipindi kimoja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika yote lililoyakumbuka. Baada ya wiki moja, kundi la kwanza lilikumbuka sehemu 40 katika 100. La pili lilikumbuka sehemu 61. Jambo la pili ni kuyagawa mazoezi katika siku nyingi, kama watumishi wa posta walivyoonyesha. Wahenga walilisema kwa ufupi: haba na haba hujaza kibaba.

Haya hayahitaji karatasi za kununua wala mitambo ya gharama. Sajini anayeanza kila asubuhi kwa kuwauliza askari wake, bila daftari, hatua za kumhudumia majeruhi walizojifunza wiki iliyopita, anafanya kazi iliyothibitishwa. Mkuu wa kituo cha polisi anayewataka askari wake waeleze kwa maneno yao wenyewe taratibu za kupokea malalamiko ya mwananchi, kisha akayarudia maswali yaleyale baada ya siku kumi, anafanya kazi hiyohiyo. Askari watanung'unika, maana kujipima ni kuchungu kuliko kusoma upya. Manung'uniko hayo yasimtishe mkufunzi. Hayaonyeshi kwamba njia ni mbaya.

Mithali yasema nyota njema huonekana asubuhi, lakini si kila nyota ya asubuhi huonwa na kila jicho. Kuruta aliyechelewa kushika jambo katika wiki ya kwanza huenda alikosa neno, alikosa msingi, au alikosa mazoezi. Hayo matatu yanaweza kutibiwa, na kuyatibu ni kazi ya mkufunzi. Akiambiwa kwamba hakuzaliwa na mtindo wa somo hilo, matibabu huishia hapo, na kikosi huenda kazini na mtu ambaye hajui kazi yake.